Kusali Bila Kuiacha Kesi

Tarehe 15 Machi 2012, majaji wa rufaa wa Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki waliifunga kesi iliyowahusu majirani zako, msikilizaji wa Kitale, Endebess, Kapsokwony, Kimilili au Bungoma mjini. Shirika la IMLU, linalowashughulikia wahasiriwa wa mateso, lilikuwa limeishtaki serikali ya Kenya kwa kutochunguza mateso na mauaji ya Mlima Elgon ya kati ya mwaka 2006 na 2008. Majaji wa daraja la kwanza walikuwa wamekubali kuisikiliza. Wale wa rufaa walikataa, kwa sababu Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unampa mlalamishi miezi miwili tu, na miezi hiyo ilikuwa imekwisha zamani. Hawakusema kwamba hakuna aliyeteswa wala kwamba hakuna aliyekufa. Walisema mmechelewa. Nimeianza habari ya leo hapo kwa sababu tunapozungumza juu ya upinzani, mawazo yetu hukimbilia kwa adui mwenye rungu au mwenye matusi, ilhali upinzani unaovunja watu moyo kuliko wote mara nyingi huja kwa sauti ya upole, ukiwa na mhuri wa ofisi, ukikuambia rudi nyumbani, muda umepita.

Nitatetea neno moja tu. Sala ya mtu anayepingwa haikuwekwa ili imwondolee kazi, wala ili imfanye asahau madai yake. Kazi yake ni kumpa nguvu ya kurudi kesho kwenye shughuli ileile, na kumzuia asije akafanana na yule anayempinga. Ukiitenga sala na ustahimilivu, unabaki na faraja ya muda mfupi. Ukiutenga ustahimilivu na sala, au na kile ambacho kwa mtu asiye wa dini kinachukua nafasi ya sala, mara nyingi unabaki na ukaidi uliojaa chuki. Waislamu miongoni mwetu wanalijua jambo hili kutoka sura ya pili ya Kurani, Al-Baqara, aya ya 153, ambapo waumini wanaagizwa kutafuta msaada kwa subira na sala, viwili kwa pamoja. Wakristo wanalijua kutoka kwa Nehemia, aliyedhihakiwa na Sanbalati na Tobia alipokuwa akiujenga upya ukuta wa Yerusalemu. Katika sura ya nne, mstari wa tisa, watu wanamwomba Mungu wao na kuweka walinzi usiku na mchana, na yote mawili yanasemwa katika sentensi moja. Walioandika hawakuona haja ya kueleza jinsi sala na ulinzi vinavyopatana.

Sasa turudi mlimani. Mwishoni mwa miaka ya 1960, wenyeji wa Chepkitale, kule juu kwenye nyasi za Elgon, waliondolewa ili eneo lao liwe hifadhi ya wanyama, na mwaka 1971 serikali ikaanza kuwapa ardhi chini, katika mpango wa makazi wa Chebyuk. Mpango huo ulipimwa, ukafutwa, ukapimwa tena, awamu baada ya awamu, na kila awamu iliacha watu waliokuwa wamelima na kujenga wakiambiwa kwamba shamba si lao. Mgao wa awamu ya tatu ndio uliowasha moto. Jeshi la Kulinda Ardhi ya Sabaot, lile lililojulikana kwa herufi SLDF, lilichukua silaha. Mashirika ya kutetea haki yalikadiria kwamba liliua zaidi ya watu 600, likawakata wengine masikio, likatoza kodi na kuwafukuza maelfu kutoka makwao. Mwezi Machi mwaka 2008 serikali ilituma wanajeshi katika Operesheni Okoa Maisha. Wanaume na vijana walikusanywa na kupelekwa kambi ya Kapkota kuchujwa, na huko wengi waliteswa. Kiongozi wa SLDF aliuawa mwezi Mei mwaka huohuo na bunduki zikanyamaza. Lakini Human Rights Watch, katika ripoti yake ya mwaka 2011, lilisema watu zaidi ya 300 walikuwa wametoweka, wengine mikononi mwa SLDF na wengine mikononi mwa maafisa wa usalama.

Fikiria maana ya kutoweka kwa mke aliyebaki. Mumewe hayupo, lakini hakuna kaburi, na kwa hiyo hakuna cheti cha kifo. Bila cheti hawezi kufungua kesi ya urithi, na bila urithi shamba linabaki katika jina la mtu asiyejulikana aliko, huku mashemeji wakipima mipaka kwa macho. Kifungu cha 118A cha Sheria ya Ushahidi kinasema mtu asiyesikika kwa miaka saba huchukuliwa kuwa amekufa. Basi mama aliyenyang'anywa mume mwaka 2008 alitakiwa kusubiri mpaka mwaka 2015 ndipo sheria imruhusu kuwa mjane, na hata hapo akabaki na safari ya kwenda kwa chifu, kwa polisi, kwa wakili na mahakamani, kila kituo kikidai nauli na barua ya kituo kilichotangulia. Wanawake wa namna hii walikuwa wamekwisha kuwatafuta waume zao kambini, vituoni, gerezani na katika vyumba vya maiti. Walitoa ushahidi mbele ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhi ripoti yake kwa Rais tarehe 21 Mei 2013. Mwezi Machi mwaka 2015 Rais aliliomba taifa msamaha na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa ajili ya wahasiriwa wa dhuluma za miaka iliyopita. Miaka ikapita, fedha zikabaki kuwa tangazo.

Hapo ndipo pingamizi la kwanza linapoingia, na lina uzito. Msikilizaji ataniuliza: kumwambia mama huyo asali, je, si kumtuliza ili wenye makosa walale usingizi? Tumewaona wanasiasa wakipanda madhabahuni Kitale na Bungoma kuomba maombi ya amani, na siku ya pili wanarudia maneno yaleyale yaliyoiharibu amani. Tumewasikia viongozi wa dini wakiwaambia wenye madai waliachie Mungu, kana kwamba Mungu ndiye aliyepoteza faili. Nakubali kwamba sala ya namna hiyo ipo, na naiona kuwa ni kosa kubwa. Lakini si kweli kwamba sala yenyewe ni dawa ya usingizi, na ushahidi uko papa hapa nyumbani. Elijah Masinde wa Kimilili, aliyelelewa katika Kanisa la Friends na baadaye akaanzisha Dini ya Msambwa, aliwahimiza watu wamwombe Mungu kwa njia ya wazee wao wakiuelekea Mlima Elgon, na wakati huohuo wakatae kazi za lazima za serikali ya kikoloni. Kama kusali ni kulala, kwa nini serikali hiyo ilimfungia katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari kati ya mwaka 1945 na 1947? Kwa nini ilimpeleka Lamu mwaka 1948 na kumweka kizuizini mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960? Kwa nini polisi waliwafyatulia risasi waumini wake pale Malakisi mwezi Februari mwaka 1948 na kuua watu 11? Hakuna serikali inayotumia nguvu zote hizo dhidi ya watu waliolala. Hata serikali ya Kenya huru ilimfunga tena, naye akaendelea kushikilia imani yake mpaka alipofariki mwaka 1987.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, na sitajaribu kulifunika. Sala haikuwalinda waliosali. Askofu Alexander Muge wa Kanisa la Kianglikana, ambaye dayosisi yake ya Eldoret wakati huo ilifika hadi Kitale, alipinga unyakuzi wa ardhi na ufisadi waziwazi. Mwezi Agosti mwaka 1990, waziri Peter Okondo alimwonya kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke akiwa hai. Askofu alikwenda Busia tarehe 14 Agosti, akahubiri, na akafa barabarani akirejea, gari lake lilipogongana na lori. Tarehe 1 Januari 2008, watu waliokuwa wamekimbilia kanisani Kiambaa, karibu na Eldoret, waliteketezwa humo, wengi wao wanawake na watoto. Anayesema kwamba sala ni ngao isiyopenyeka na asimame mbele ya mambo haya mawili kwanza, kisha aendelee kusema. Mimi naamini sala haikuahidi kamwe kwamba aliyesali hatakufa. Muge alijua hatari, akaenda. Kilichoonekana kwake ni kwamba tishio halikumbadilisha: halikumfanya anyamaze, wala halikumfanya atishie wengine. Kwa Kiambaa sina maelezo, na namwogopa mtu yeyote aliye nayo. Ninachoweza kusema ni kwamba wale waliopona walihitaji majirani wa kukaa nao miaka mingi, na majirani wengine walikuja, wengine hawakuja.

Lipo jambo la tatu, ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha mjadala huu. Wapiganaji wa SLDF nao walistahimili. Waliishi msituni kwenye baridi ya mlima, waliapishwa na kubarikiwa na wazee wenye madaraka ya kiroho, na waliamini kwamba wanapigania ardhi iliyoahidiwa na mababu. Wafuasi wa Dini ya Msambwa pia, pamoja na heshima yote ninayompa Masinde, walishutumiwa kuchoma majengo ya misheni na kuwatisha wasiowafuata. Basi tutautofautishaje ustahimilivu unaojenga na ule unaobomoa, ikiwa wote wanasali na wote hawachoki? Watu wengi wakimsoma Nehemia huishia sura ya nne, penye mikuki na mwiko wa mwashi, kisha wanaruka hadi sura ya sita, ukuta unapomalizika kwa siku 52. Sura ya tano wanaiacha. Humo maskini wa Yerusalemu wanamlilia Nehemia kwamba wenzao matajiri, Wayahudi kama wao, wamewatoza riba, wamechukua mashamba yao rehani na wamewafanya watoto wao watumwa, kazi ya ukuta ikiwa inaendelea. Nehemia anakasirika, lakini hasira yake haiwaangukii waliolalamika kwa kuvuruga mshikamano. Anaitisha mkutano, anawakemea wakubwa, anadai mashamba yarudishwe, na yeye mwenyewe anakataa posho ya gavana.

Hicho ndicho kipimo ninachokipendekeza. Harakati inayopingwa na watu wa nje huvumilia kwa haki ikiwa bado inasikia malalamiko ya watu wake wa ndani. SLDF ilishindwa hapo. Ilianza kwa madai ya ardhi ambayo hata wapinzani wake walikiri yana msingi, lakini Msabaoti aliyekataa kulipa kodi yao, au aliyesema imetosha, aligeuzwa adui, na wengi kati ya waliokatwa masikio na kuuawa walikuwa Wasabaoti wenzao. Baraka za wazee hazikuuzuia mkono huo kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kuuliza swali. Sala ya kweli humweka anayesali chini ya hukumu kwanza yeye mwenyewe, kabla ya kumshtaki mwingine, na mtu aliyekwisha kujihukumu namna hiyo hawezi kwa urahisi kumkata jirani sikio.

Mfano wa upande wa pili uko karibu pia. Kanisa la Friends, yaani Wakweka, liliingia Kaimosi mwaka 1902, likaenea Bungoma, na leo Kenya ina Wakweka wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Nchi ilipokuwa ikiwaka baada ya uchaguzi wa Desemba mwaka 2007, huku waliofukuzwa makwao wakiwa wamejaa kwenye uwanja wa maonyesho wa Kitale, viongozi wa kanisa hilo walikutana Kakamega, katika nyumba ya wageni ya Sheywe, kuanzia tarehe 24 hadi 27 Januari 2008. Walisali, ndiyo. Lakini pia walikubali kutazama jinsi kabila lilivyokuwa limeingia ndani ya makanisa yao wenyewe, na hiyo ndiyo sura ya tano ya Nehemia. Kutokana na mkutano huo na juhudi zilizofuata zikaundwa Timu za Amani za Kanisa la Friends, zilizopeleka chakula na blanketi kwanza, kisha zikarudi kufanya kazi ya polepole isiyopigwa picha. Kati ya mbinu zao ni semina inayojulikana kwa herufi HROC, iliyobuniwa na Wakweka wa Rwanda na Burundi baada ya mauaji ya nchi hizo. Watu wapatao ishirini, nusu upande huu na nusu upande ule, hukaa pamoja siku tatu wakisimuliana waliyofanyiwa. Semina hizo zilipelekwa hadi Mlima Elgon, ambako mke wa aliyeuawa na SLDF na mke wa aliyechukuliwa na wanajeshi wangeweza kukaa chumba kimoja. Siku tatu hazitoshi kuponya chochote, na waliozianzisha hawakudai hivyo. Kinachonigusa ni kwamba walirudi, wakarudi tena, bila ahadi ya matokeo.

Mfano mwingine hauhusu kanisa, na nautaja kwa sababu hiyohiyo. Jamii ya Ogiek wa Chepkitale, walewale ambao kuhamishwa kwao kulizaa Chebyuk, waliona ardhi yao ikitangazwa tena kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2000, na nyumba zao zikachomwa katika operesheni za kuwafukuza. Hasira ileile, mlima uleule, miaka ileile ambayo wengine waliingia msituni na bunduki. Wao, wakiwa na shirika lao dogo lenye ofisi Kitale, walifungua kesi Bungoma mwaka 2008. Wakiwa wanasubiri, hawakukaa bure: walichora ramani ya ardhi yao na kuziandika sheria ndogo za jamii za kulinda msitu, ukiwamo mwiko wa kuchoma makaa. Mawakili waliomba tarehe, tarehe zikaahirishwa, katiba mpya ikaja mwaka 2010, Sheria ya Ardhi ya Jamii ikaja mwaka 2016, wazee waliokuwapo mwanzoni wakafariki. Tarehe 26 Septemba 2022, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma iliamua kwamba Chepkitale ni ardhi ya jamii hiyo na kwamba kuigeuza hifadhi kulikuwa kinyume cha katiba. Ni miaka 14 tangu kesi kufunguliwa. Ulinganishe mwaka huo na ule wa kuanguka kwa SLDF, kisha uniambie ni njia gani iliyofika mbali.

Najua jibu lililo tayari mdomoni mwa baadhi yenu. Miaka 14 ni mingi mno, na mwenye nguvu hupenda sana maskini mwenye subira, kwa sababu subira haimgharimu kitu. Hoja hii ni ya kweli kwa nusu. Subira isiyodai chochote kwa hakika haimgharimu mtu. Lakini aliyefungua kesi, akaja kila tarehe ya kutajwa, akatunza nakala za kila barua na kumfundisha mwanawe zilipo, huyo anamgharimu mwenye nguvu sana, kwa sababu anamnyima kile anachokitegemea, yaani kuchoka kwa watu. Uamuzi wa mwaka 2012 nilioanza nao ulitegemea saa na kalenda. Ucheleweshaji wa vyeti vya vifo hutegemea kwamba mama atamaliza nauli kabla ofisi haijamaliza visingizio. Dhidi ya hesabu hiyo, kitu kinachomwamsha mtu asubuhi ya siku ya kesi wakati ameshashindwa mara nne ni kitu cha thamani, na kwa wengi wa watu wa Trans Nzoia na Bungoma kitu hicho ni sala. Hata hivyo, sala ya mtu mmoja aliye peke yake hupungua nguvu. Ndiyo maana nawalaumu zaidi wale wanaosali karibu naye kila wiki bila kumuuliza faili lake limefika wapi.

Basi nina ombi kwa makanisa na misikiti inayonisikia. Mnazo kamati za harambee na za mazishi, na zinafanya kazi nzuri. Ongezeni watu wawili au watatu watakaojifunza kifungu cha 118A na taratibu za urithi, watakaojua barua ya chifu inaandikwaje, na watakaochangisha nauli ya kwenda Kapsokwony, Kimilili au Bungoma bila kuisubiri serikali itoe ule mfuko wa mwaka 2015. Mkiomba kwa ajili ya wajane, waombeeni kwa majina yao, wakiwapo, na baada ya amina ulizeni tarehe ya kesi ni lini. Kama katika eneo lenu yupo mama ambaye mpaka leo hana cheti cha kifo cha mume aliyechukuliwa mwaka 2008, mtafuteni wiki hii, na mmoja wenu aende naye.